Karanga na Korosho kwa Mwenye Kisukari: Mwongozo Kamili wa Kula, Kujipima na Kujua Kama Zinakusaidia

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Niliambiwa karanga zinasaidia sukari. Nimezitafuna mwezi mzima, sukari iko palepale na nguo zinanibana. Kosa liko wapi?"

Karibu kila mara kosa ni lilelile. Mtu anakunywa chai na maandazi mawili kama alivyozoea, kisha anaongeza karanga juu yake. Karanga hazishushi sukari iliyokwisha kupanda. Zinachofanya ni kuikalia nafasi ile ambayo andazi, biskuti au soda ingeikalia. Ukiondoa andazi ukaweka karanga, utaona tofauti kwenye mashine ndani ya saa mbili. Ukiviweka vyote viwili, umejiongezea mafuta na kalori tu.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya 2, au aliyeambiwa sukari yake imeanza kupanda. Tutafanya kazi kwa wiki mbili, na mwisho wake utakuwa na majibu ya mwili wako mwenyewe, yaliyoandikwa kwenye daftari.

## Vitu vya kuandaa

- Karanga za kukaanga zisizo na chumvi wala sukari, au korosho, au lozi. Nusu kilo inatosha wiki mbili na inabaki.
- Mzani mdogo wa jikoni. Ukikosa, kijiko cha chakula.
- Vifuko au vikopo vidogo 14 vyenye mfuniko.
- Mashine ya kupimia sukari, na stripu 12 ambazo hazijapita muda wake.
- Sindano za kutobolea kidole, mpya kila unapopima.
- Sabuni, maji na kitambaa safi.
- Daftari, kalamu, na simu ya kuweka kengele.
- Soda ya kawaida yenye sukari, au sukari ya mezani, iwekwe mahali unapojua. Sababu iko katika hatua ya 6, na naomba usiiruke.

## Hawa wasianze kabla ya kuzungumza na daktari

Kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi au gliklazidi, zungumza na daktari wako kwanza. Dawa hizi zinaendelea kushusha sukari hata kama umepunguza wanga, kwa hiyo ukiondoa maandazi ghafla unaweza kushuka kupita kiasi. Anayetumia metfomini peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo sana.

Mwenye ugonjwa wa figo naye asubiri ushauri, kwa sababu karanga na korosho zina fosforasi na potasiamu nyingi. Mjamzito mwenye kisukari cha mimba afuate kliniki yake.

Aliyewahi kuvimba midomo, kuwashwa koo au kubanwa kifua baada ya kula karanga, asizijaribu kabisa. Na kama nyumbani kuna watoto chini ya miaka mitano, usiwaachie karanga nzima mezani. Zinawakaba.

## Hatua ya 1: Nunua karanga, usinunue unga na sukari vilivyovikwa karanga

Hapa ndipo wengi wanapoanguka kabla hata ya kuanza. Karanga za mayai zile ngumu zenye ganda la rangi ya kahawia ni karanga ndani ya unga wa ngano na sukari. Kashata ni karanga ndani ya sukari iliyoyeyushwa. Korosho zilizopakwa asali, na siagi ya karanga ya dukani iliyotiwa sukari, ni hivyohivyo. Geuza kopo, usome viungo. Ukiona sukari imeandikwa, rudisha rafuni.

Njugu mawe nazo zinawachanganya watu kwa sababu ya jina. Ni chakula kizuri, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni wanga. Zihesabu pamoja na maharage na choroko. Hazichukui nafasi ya karanga katika mwongozo huu. Msomaji wa Kenya au Zanzibar anayeziita karanga "njugu" awe mwangalifu hapo.

Sasa tazama kilichomo ndani ya gramu 30, ambacho ndicho kipimo chetu:

- Karanga: kalori 170 hivi, protini gramu 7 hadi 8, wanga gramu 5, na nusu ya wanga huo ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari.
- Korosho: kalori 165 hivi, protini gramu 5 hadi 6, wanga gramu 9, nyuzinyuzi gramu 1 tu.
- Lozi: kalori 175 hivi, protini gramu 6, wanga gramu 6 hadi 7, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi.

Linganisha na unga wa ngano, ambao karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Korosho ni tamu, na mimi nazipenda, lakini kwa mwenye kisukari karanga inaishinda, tena kwa bei ndogo zaidi. Usijilaumu kama huwezi kununua korosho. Hukosi kitu.

Kuhusu chumvi: wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia. Chukua zisizo na chumvi. Wiki ya kwanza utaona hazina ladha, ya pili ulimi utakuwa umezoea.

Utajua umefaulu ukisoma kifungashio na kukuta jina moja tu: karanga. Ukinunua kwa muuzaji wa mtaani, iwe ni karanga kavu, ngozi yake nyekundu bado ipo, na vidole havinati baada ya kuishika.

## Hatua ya 2: Zichambue kwenye ungo

Mimina karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, uzipitie kwa mkono. Toa zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ya kijani, zilizovunjika na zenye harufu ya uvundo. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme, usiimeze kwa kuona haya.

Sababu ni sumukuvu. Fangasi wanaoitoa huota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, nayo hushambulia ini. Mwaka 2004 ilipoingia kwenye mahindi ya Ukambani nchini Kenya, watu 125 walifariki. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nako ikiwa kwenye mahindi. Karanga hushambuliwa na fangasi walewale, na wewe unakusudia kuzila kila siku, kwa hiyo dakika kumi za kuchambua si uchaguzi.

Onyo: kukaanga hakuimalizi sumu hii. Usinunue karanga mbovu kwa bei rahisi ukidhani moto utazisafisha, wala usimpe kuku zile ulizozitoa.

Hifadhi zilizobaki kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri. Pwani, ambako hewa ina unyevu, nunua kidogo kidogo.

## Hatua ya 3: Gawa gramu 30 kabla hujaweka hata moja mdomoni

Pima gramu 30 kwenye mzani, weka kwenye kifuko, funga. Rudia hadi vifuko vyote 14 viishe. Bila mzani, vijiko vitatu vya chakula vya karanga vilivyojaa vinakaribia gramu 30. Kwa korosho nzima hesabu 18, kwa lozi 23.

Kwa nini ugawe mapema? Kwa sababu mkono unaochota kwenye bakuli hauna kumbukumbu. Mtu akitazama mpira na bakuli la karanga pembeni, anakula gramu 100 bila kujua, na hizo ni kalori zaidi ya 560. Zaidi ya sahani ya ugali.

Siku ambayo mchana umekula kisamvu cha karanga au mchicha wa karanga, punguza kifuko cha jioni kiwe nusu. Karanga ya kwenye mboga nayo ni karanga.

Utajua umefaulu vifuko 14 vikiwa vimepangwa, na mfuko mkubwa uliobaki umeuweka mbali na macho yako.

## Hatua ya 4: Chagua kitu kimoja kitakachoondoka

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiikosea hii, nyingine zote ni kazi bure.

Andika kwenye daftari sentensi moja: "Nikila karanga, sitakula ____." Jaza nafasi hiyo kwa kitu unachokila kweli kila siku, saa ileile. Maandazi mawili ya saa nne asubuhi. Chapati ya chai ya jioni. Biskuti za ofisini. Soda. Usijaze "vitu vitamu", kwa kuwa hakuna anayejua vitu vitamu ni vipi siku hiyo atakapokuwa na njaa.

Mwaka 2011 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha majibu ya jaribio la watu 117 wenye kisukari cha aina ya 2. Kundi moja lilikula karanga na jamii zake gramu 75 hivi kwa siku, *mahali pa* chakula cha wanga. Kundi jingine lilikula keki ndogo za ngano isiyokobolewa. Baada ya miezi mitatu, HbA1c, yaani kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ilishuka kwa pointi 0.21 za asilimia kwa waliokula karanga.

Nisikudanganye: 0.21 ni kidogo. Haichukui nafasi ya kidonge chako hata kimoja. Lakini tazama jinsi jaribio lilivyopangwa. Hawakuambiwa wale kama kawaida halafu waongeze karanga. Kitu kiliondoka.

Na ukiongeza bila kuondoa? Kalori 170 kila siku ni zaidi ya 5,000 kwa mwezi. Nguo zitabana, na uzito ukipanda, insulini ya mwili inazidi kushindwa kazi yake.

Kuna njia ya katikati kwa asiyeweza kuacha andazi kabisa. Kula andazi moja badala ya mawili, na nusu ya kifuko cha karanga, ukianza na karanga. Mafuta na protini hulichelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, kwa hiyo wanga wa andazi unaingia kwenye damu taratibu. Hii inapunguza mpando. Haiufuti.

Onyo: usile karanga baada ya kuona mashine imesoma 14 mmol/L (namba zote za mashine katika mwongozo huu ni za kipimo hiki), ukitumaini zitaishusha. Hazina uwezo huo. Kwa sukari iliyopanda namna hiyo kunywa maji, fuata dawa zako, na ikiendelea hivyo nenda kituo cha afya.

## Hatua ya 5: Zile kwa namna itakayokushibisha

Karanga zinashibisha kupita ukubwa wake, lakini ukizipa muda. Mafuta na protini vikifika kwenye utumbo, kuta zake hutoa homoni zinazouambia ubongo kwamba chakula kimetosha. Ujumbe huo hauendi kwa dakika mbili. Ukizimimina mdomoni kwa viganja, kifuko kitakwisha kabla tumbo halijasema neno.

Fanya hivi. Kaa chini. Kunywa glasi ya maji au chai isiyo na sukari. Kula moja moja, au mbili mbili, tafuna hadi ziwe uji, na umalize kifuko kwa dakika 15. Usiimenye ngozi nyekundu, ina nyuzinyuzi. Ukipata karanga za kuchemsha na maganda yake, bora zaidi, kwani kumenya kwenyewe kunakupunguza kasi.

Tafuna karanga nzima, usiziponde. Kwenye karanga au lozi nzima sehemu ya mafuta hubaki imefungiwa ndani ya chembe ambazo meno hayakuzivunja, nayo hutoka na choo bila kufyonzwa. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipopima mwaka 2012, waliona gramu 28 za lozi nzima ziliupa mwili kalori 129 hivi, wakati lebo zilionyesha karibu 170. Siagi ya karanga imekwishasagwa, kwa hiyo mafuta yake yanafyonzwa zaidi. Si mbaya, ila kijiko cha siagi kinapita kooni haraka sana.

Kabla ya kula, jipe alama ya njaa kuanzia 1 hadi 10: 1 hujisikii kula kabisa, 10 unatetemeka kwa njaa. Andika. Andika tena baada ya saa mbili.

Saa ya kula ni muhimu. Kwa wengi, njaa mbaya ni ile ya saa kumi jioni, kati ya chakula cha mchana na cha usiku. Mtu anayefika nyumbani saa moja usiku akiwa na njaa ya 9 hapakui ugali, anachimba. Kifuko cha saa kumi kinamfikisha mezani akiwa na njaa ya 5.

Utajua umefaulu si kwa kutokuwa na njaa kabisa. Utajua pale utakapojipakulia chakula cha usiku na kukuta umeweka kidogo kuliko jana bila kujilazimisha.

## Hatua ya 6: Sukari ikishuka, weka karanga pembeni

Nimeshuhudia jambo hili kwa macho yangu. Jirani yangu, mama mtu mzima anayechoma insulini, alianza kutokwa jasho na kutetemeka jioni moja. Mwanawe alikimbilia bakuli la karanga, kwa sababu kila mtu pale mtaani alikuwa amesikia karanga ni nzuri kwa kisukari. Mama akatafuna, akatafuna, na hali ikazidi. Aliyemwokoa ni binti aliyefungua soda.

Kilekile kinachozifanya karanga ziwe nzuri kinazifanya zisifae hapa. Wanga wake ni kidogo, na mafuta yake yanachelewesha chakula kuingia kwenye damu. Mtu aliyeshuka anahitaji sukari iingie *sasa*.

Dalili ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali ya ghafla, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa. Ukipima ukakuta chini ya 4.0, au dalili zipo na huna mashine:

1. Kunywa soda ya kawaida mililita 150 hivi, au vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji kidogo. Soda isiyo na sukari haifai.
2. Subiri dakika 15, pima tena.
3. Bado iko chini ya 4.0? Rudia.
4. Ikishapanda, na chakula kikuu kiko mbali, hapo sasa kula kitu cha kukushikilia: kipande cha mkate na karanga chache.

Onyo: aliyepoteza fahamu asiwekwe kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, akimbizwe hospitali. Waeleze hatua hii watu wa nyumbani kwako leo, wala usisubiri siku ya tukio.

## Hatua ya 7: Jipime siku nne

Stripu ni ghali, kwa hiyo tutazitumia kwa mpango. Siku nne, stripu tatu kila siku:

- Siku ya 1 na ya 3: kula kile ulichozoea, mfano maandazi mawili.
- Siku ya 2 na ya 4: kula kifuko cha karanga badala yake.

Siku zote nne saa iwe ileile, chakula cha mchana kifanane, chai iwe isiyo na sukari, dawa zilezile, na usitembee siku moja kilomita tano na nyingine ukalala. Angalau saa tatu ziwe zimepita tangu ulipokula mchana. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi lililofanya kazi.

Pima kabla ya kula, saa moja tangu ulipoanza kula, na saa mbili tangu ulipoanza kula. Weka kengele. "Baada ya kula" bila saa ndiyo inayowapa watu namba zisizoeleweka.

Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe kila mara. Kidole kilichomenya embe au kushika andazi lenye sukari kinaweza kupandisha namba bila damu yako kuhusika. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana. Funga kopo la stripu mara tu unapotoa moja, kwani joto na unyevu huziharibu.

Utajua umefaulu ukiwa na namba 12 kwenye daftari, kila moja na saa yake.

## Hatua ya 8: Soma namba zako

Usitazame namba peke yake. Tazama *mpando*: ya juu kabisa, toa ya mwanzo. Chukua mfano huu:

Siku ya maandazi: 7.4, kisha 11.2, kisha 9.6. Mpando ni 3.8.
Siku ya karanga: 7.2, kisha 7.7, kisha 7.3. Mpando ni 0.5.

Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini ile 0.5 yenyewe usihangaike nayo. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu mashine kukosea hadi asilimia 15 sukari inapozidi 5.55, na kwa 7.5 hiyo ni kama 1.1 juu au chini. Ndiyo maana tunarudia siku mbili kwa kila chakula. Kama mashine yako inasoma mg/dL, gawanya kwa 18 kwanza.

Watu wazima wengi wenye kisukari hupewa lengo la 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mbili baada ya kuanza kula. Wazee na wenye maradhi mengine huenda wamepewa lengo tofauti. Fuata la daktari wako.

Karanga zikikupandisha kwa zaidi ya 2, usizitupe bado. Kagua: chai ilikuwa na sukari? Ulinawa? Mchana ulichelewa kula, wanga wa ugali ukawa bado unaingia? Una homa au jino linauma? Ugonjwa hupandisha sukari wenyewe. Rudia siku moja, kisha uamue.

Mpando ukiwa mdogo lakini uzito umeongezeka baada ya wiki mbili, rudi hatua ya 4. Kuna kitu hakikuondoka. Mara nyingi ni andazi lile lile lililohama kutoka saa kumi hadi saa tatu usiku.

Mpando mdogo na uzito uliotulia: endelea na kifuko kimoja kwa siku, na baada ya miezi mitatu omba kipimo cha HbA1c. Nenda na daftari. Mwonyeshe daktari kwanza ukurasa wenye namba yoyote iliyo chini ya 4.0 kama ipo, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomfanya apunguze dozi. Uamuzi huo ni wake. Usiikate tembe nusu mwenyewe nyumbani.